Kovu la Operesheni ya Zamani Si Siri ya Kumficha Daktari

 

Leo nina jambo ambalo wanawake tunalinong'ona chumbani, lakini hatulisemi pale linapotakiwa kusemwa, yaani mbele ya daktari. Ni habari ya operesheni za kupunguza uzito, na makovu ambayo wengi wetu tunayo tayari tumboni. Zamani mtu akitaka operesheni hiyo ilikuwa ajipange kwenda India. Siku hizi hata Dar es Salaam, pale Mloganzila, huduma za kupunguza uzito zipo, na boti ni asubuhi na jioni. Kwa hiyo suala limeshafika mlangoni kwetu, na tulizungumze vizuri.

Mimi ni fundi wa nguo za maharusi. Kazi yangu ni kupima miili ya wanawake, na mwanamke akishainua mikono nimzungushe tepu kiunoni, mara nyingi na moyo wake hufunguka. Maswali ninayoyasikia yanafanana. "Mimi nimezaa kwa operesheni mara mbili, watanikubalia kweli?" "Nilitolewa uvimbe wa kizazi kabla sijaolewa, mume hajui, nikienda lazima niseme?" "Nimeambiwa tumbo likishakatwa mara moja halikatwi tena, ni kweli?"

Maoni yangu ni haya: kovu la zamani si sababu ya kukata tamaa, na wala si kitu cha kumficha daktari. Anayekata tamaa bila kuuliza anajinyima dawa. Anayeficha anacheza na roho yake.

Na mimi mwenyewe nimo. Nina miaka thelathini na ushei, urefu wangu sentimita 160, uzito kilo 104, na sukari ninayo. Tumboni nina kovu la kuzalia, mkato wa chini wa kulala, uliopitiwa mara mbili. Na nina kovu jengine refu la kusimama, la kidole tumbo kilichonipasukia nikiwa skuli. Nimeshaonana na daktari wa upasuaji na bado naendelea na vipimo. Mimi si daktari, elimu yangu ni ya sekondari na kozi ya ushoni. Lakini nimeuliza, nimejibiwa, nimeuliza tena, na niliyoyafahamu naona ni haki yenu myajue.

Kovu la nje na kovu la ndani

Tukitazama kovu kwenye kioo tunafikiri ndio lote hilo. Daktari wa upasuaji anayefikiria kuingia tena tumboni ana wasiwasi zaidi na la ndani. Mtu akishafunguliwa tumbo, mara nyingi sana ndani hujifanya utando wa kovu unaogandisha vitu ambavyo vilikuwa vimeachana. Utumbo unaweza kugandana na ukuta wa tumbo, au kipande cha utumbo na kipande chengine.

Sisi mafundi tunalijua hilo. Chukua gauni lenye bitana, ambalo fundi aliyetangulia alilirekebisha akaishonea bitana juu ya kitambaa bila kujua. Kwa nje halionyeshi kitu. Fundi wa pili akiingiza mkasi kwa haraka, anakata vyote viwili. Lakini akiambiwa mapema kuwa hapa pameshapita sindano, anaanzia upande mwengine, anaachanisha pole pole, na gauni linatoka salama.

Na ukubwa wa kovu la nje hausemi kitu juu ya la ndani. Mwenye kovu dogo anaweza kuwa amegandana vibaya, na mwenye mkato mrefu akawa safi. Hata picha ya kawaida ya "ultrasound" mara nyingi haionyeshi vizuri hali hiyo. Daktari huijua hasa akishaingia. Ndiyo maana historia yako ina thamani kuliko unavyodhani.

Kovu gani lina uzito gani

Kwanza tujue kinachofanywa. Operesheni mbili zinazosikika zaidi ni ile ya kupunguza mfuko wa chakula, ambapo sehemu kubwa ya mfuko, kama robo tatu au zaidi, hukatwa na kutolewa, ukabaki kama mfereji mwembamba. Ya pili ni baipasi, ambapo mfuko hufanywa mdogo sana na utumbo mwembamba ukaunganishwa upya, ili chakula kipite njia ya mkato. Zote siku hizi hufanywa zaidi kwa matundu madogo, si kwa kupasua tumbo lote.

Sasa mfuko wa chakula uko juu, chini ya mbavu za kushoto. Kizazi kiko chini kabisa. Kwa hiyo waliozaa kwa operesheni, ambao ndio wengi miongoni mwetu, habari zenu ni nzuri kuliko mnavyoogopa. Makovu ya ndani ya uzazi mara nyingi hubaki huko huko chini, na kwa kawaida hayamzuii daktari kufika juu. Atataka kujua ulipasuliwa mara ngapi, na kama palitokea tatizo.

Waliotolewa uvimbe wa kizazi kwa kupasuliwa, nao wengi wako katika hali hiyo, lakini aseme mkato ulikuwa wa kulala au wa kusimama. Mkato wa kusimama katikati ya tumbo una mambo mawili. Unaweza kuwa umegandisha utumbo nyuma yake, na ukuta wa tumbo pale huweza kulegea ukatoa ngiri, hasa kwa sisi wenye uzito mkubwa. Ukiona palipo kovu panavimba ukikohoa au ukibeba ndoo, mwambie daktari mapema.

Aliyetolewa kidole tumbo kabla hakijapasuka, mara nyingi ni jambo dogo. Kilichopasuka na kujaza usaha tumboni ni habari nyengine, kwa sababu usaha hugandisha vitu vingi. Hapo ndipo nilipo mimi. Nilikwenda nikidhani daktari atashughulika na mikato ya uzazi, kwa vile ni mara mbili. Akaipita hiyo haraka, akakaa na lile kovu la skuli. Aliniuliza nililazwa siku ngapi, kama niliwekewa mpira wa kutolea usaha, kama nilirudishwa tena chumba cha operesheni. Mimi nakumbuka nini, nilikuwa na miaka kumi na nne. Karatasi hazipatikani tena. Nikampigia mama, akayataja yote kama yametokea juzi, wiki tatu kitandani, mpira ubavuni, na operesheni moja tu. Faili langu ni mama yangu, Allah amhifadhi. Na wewe kama mama yako yuhai, muulize leo na uandike.

Wenye operesheni za juu, za mfuko wa chakula wenyewe, vidonda vya tumbo vilivyotoboka au wengu, hao ndio wa kuzungumza na daktari kwa urefu zaidi, maana mkasi unarudi pale pale ulipopita. Aliyetolewa mfuko wa nyongo ana kovu juu pia, lakini kuna la kumpoza: kupungua uzito haraka huleta mawe kwenye nyongo kwa baadhi ya watu, na yeye mfuko huo hana tena.

Katika yote hayo, jibu la daktari mara nyingi halitokuwa "haiwezekani". Litakuwa "tutaingilia upande mwengine, mbali na kovu". Au "itachukua muda zaidi". Au "tunaweza kulazimika kufungua tumbo badala ya matundu, uwe tayari". Au "baipasi inashika utumbo mwingi, kwa hali yako ile ya kupunguza mfuko inaweza kufaa zaidi". Hayo ni majibu mtu anaweza kuishi nayo. Asiyeuliza hayapati.

Kwa nini tunaficha

Hapa ndipo ninapotaka tusemezane kidada. Tunaficha kwa sababu nyuma ya kovu pana hadithi. Kuna aliyetolewa uvimbe akiwa msichana, familia ikaamua isijulikane, asije akakosa mume. Kuna aliyetunga mimba nje ya kizazi kwa mume wa mwanzo, na mume wa sasa hajaambiwa. Kuna aliyepoteza mtoto katika operesheni ile na hataki hata kulitaja jina la hospitali. Hizi si siri za kipumbavu. Ni maumivu, na jamii yetu ina ulimi mrefu.

Lakini tazama tunavyokwenda hospitali. Huku wifi, huku mama mkwe, huku jirani aliyejitolea kushika mkoba. Daktari anauliza, "Umewahi kufanyiwa operesheni?" Mwanamke anatazama chini, anasema, "Hapana, ila ya uzazi." Pale pale daktari amenyimwa ramani. Ataingiza kifaa cha kwanza akidhani panapita, kumbe utumbo umeganda pale pale. Utumbo ukitobolewa na usionekane, mtu anarudishwa chumba cha operesheni akiwa mahututi, na wengine hawarudi nyumbani. Hapo siri ina faida gani?

Siri ya mgonjwa ni haki yako, na daktari ni wajibu wake kuitunza. Waambie wale uliokuja nao, kwa adabu, "Nisubirini nje kidogo." Ukiona haya kusema hivyo, mnong'oneze nesi, "Naomba nizungumze na daktari peke yangu." Manesi wanaelewa. Au andika kwenye karatasi, mkabidhi. Mama mkwe hahitaji kujua. Anayeshika kisu anahitaji.

Na wenye kuwasindikiza wenzenu nawaomba: daktari akianza kuuliza, nyanyukeni wenyewe mtoke. Heshima ni kumuachia mwenzio nafasi ya kusema.

Kovu la ngozi

Wapo wanaoogopa urembo tu, na siwacheki. Ngozi zetu za Kiafrika huwa rahisi zaidi kufanya kovu lililonyanyuka na kutanuka, lile la keloidi. Kama sikio lako lilitoka uvimbe ulipotoboa, au kovu la uzazi limenyanyuka na linawasha, onyesha na useme. Matundu ni madogo, ya milimita chache hadi sentimita moja na kidogo, na huwa kama matano hivi, lakini keloidi haichagui udogo. Daktari akijua mapema mnaweza kupanga namna ya kulitunza kovu likiwa bado changa. Usikimbilie kupaka asali, mafuta au liwa juu ya kidonda kibichi kwa sababu somo kasema. Kifunge kwanza.

Na tujue pia kuwa kilo nyingi zikitoka, ngozi hubaki imelegea, na kovu la zamani linaweza kuonekana limezama au limekunjana. Anayetarajia tumbo la usichana atahuzunika. Anayetarajia sukari itulie na magoti yapumue, ana uwezekano mkubwa wa kushukuru.

Maharusi, hili ni lenu

Nawapenda, na ndio mnaonilisha. Lakini nitasema ukweli: operesheni ya kupunguza uzito haifanywi kwa ajili ya gauni. Gauni nitaliongeza mimi, kitambaa kipo, pande za kutanulia zipo, na hakuna mgeni atakayejua. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Operesheni hii ina vipimo vyake. Chukua uzito wako kwa kilo, gawa kwa urefu wako kwa mita, kisha jibu ligawe tena kwa urefu huo huo. Mimi, 104 kwa 1.6 ni 65, na 65 kwa 1.6 ni kama 40.6. Namba hiyo ndiyo madaktari wanaita BMI. Kwa muda mrefu, tangu 1991, mwongozo uliotumika sana ulikuwa 40 na kuendelea, au 35 kama una maradhi kama sukari na presha. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari wa upasuaji huu vikashusha, kuwa 35 inatosha hata bila maradhi, na kuanzia 30 inafikiriwa kwa mwenye sukari na mfano wake. Biharusi wa urefu wangu mwenye kilo 74 hata 29 hajafika. Huyo hana ugonjwa wa kukatwa, ana picha za simu zinazomsumbua.

Hata anayestahili, harusi si tarehe ya kuifukuzia. Wiki za mwanzo ni vimiminika na vyakula laini, na vitamini ni za maisha. Na kubwa zaidi: madaktari hushauri mwanamke asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya operesheni, mpaka mwili utulie. Kwetu sisi harusi ikishapita, mwezi wa tatu watu washaanza kukutazama tumbo. Uzito ukipungua, na mimba huweza kuingia kwa urahisi kuliko mwanzo. Kwa hiyo usiolewe na mpango huo kimya kimya. Kovu la zamani ni la kwako na daktari wako, lakini jambo linalogusa kuzaa kwenu wawili, mwambie mchumba kabla ya nikaha. Akikimbia kwa sababu hiyo, bora amekimbia mapema.

Upande wa dini

Wapo wanaosema ni kubadilisha umbile la Allah. Mimi si mwanachuoni, na suala lako mpelekee sheikh unayemuamini, ukiwa na karatasi ya daktari mkononi ili ajibu juu ya hali yako wewe. Ninalolijua ni kuwa dini yetu imetuhimiza kutafuta dawa, na mwili ni amana. Kukatwa kwa maradhi na kukatwa kwa kujipamba si swali moja.

Kuhusu stara, omba daktari wa kike kama yupo. Kama hayupo, dharura ina hukumu yake, na unaweza kuomba nesi wa kike awepo na pafunuliwe panapohitajika tu. Usiache kuonyesha kovu kwa haya. Na Ramadhani, kwa vile baada ya operesheni maji hunywewa funda kwa funda mchana kutwa, panga na daktari wako mapema lini utaweza kufunga. Mgonjwa ana ruhusa yake.

Nenda na karatasi hii

Kabla ya kuonana na daktari, andika:

1. Operesheni zote ulizowahi kufanyiwa, mwaka wake, na hospitali. Zote, hata ya utotoni, hata ya siri.
2. Mkato ulikuwa wapi, wa kulala au wa kusimama.
3. Kama kidonda kilioza, kilifumuka, ulilazwa muda mrefu, au ulirudishwa chumba cha operesheni.
4. Kama tumbo limewahi kufunga, ukatapika na kukosa haja. Makovu ya ndani huweza kusababisha hilo.
5. Kama una keloidi, na kama dawa ya usingizi iliwahi kukusumbua.

Kisha muulize: kwa makovu yangu haya, utaingilia wapi? Ukikuta pameganda, utafanya nini? Uwezekano wa kufungua tumbo lote ni upi? Operesheni gani kati ya mbili inanifaa, na kwa nini? Umeshawafanyia wangapi wenye makovu kama yangu? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Akikasirika, tafuta mwengine.

Mimi bado sijapewa jibu la mwisho. Naweza kuambiwa ndiyo, naweza kuambiwa hatari ni kubwa kuliko faida, nikaendelea na dawa zangu na kupunguza wali. Lolote litakalokuja, litakuwa limetokana na habari kamili, na moyo wangu uko radhi na hilo. Kila kovu tulilonalo ni mahali tulipopita tukatoka hai, alhamdulillah. Tusiliache likatuua kwa kunyamaza.

Mwenye kovu na khofu, andika karatasi yako wiki hii. Allah atupe afya, atupe madaktari wema, na atusitiri duniani na akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.